Mzee Aliyeng'oka Meno: Je, Yafaa Kupasuliwa Taya?

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Tumeletewa barua na kijana mmoja wa Kiislamu akaaye Ngarenaro, mjini Arusha. Barua yake ni ndefu, nasi tutaitaja kwa ufupi, kwani twaamini kuwa mambo yaliyomo yamo pia katika nyumba nyingi zisizoandika barua.

Asema kwamba mama yake ni mzee aliyepita miaka 70, mzaliwa wa upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasomesha watoto Qur'ani barazani kwake. Meno yake yalikuwa ya rangi ya kahawia tangu utotoni, kama ya wengi waliokulia huko. Kisha yakamegeka na kung'oka moja baada ya moja, hata leo halimo hata jino moja. Sasa taya lake la chini limetokeza mbele, kidevu kimekaribia pua, na mashavu yamebonyea. Siku moja alikuwa akiwasahihishia watoto matamko ya herufi, mtoto mmoja akacheka, na wenziwe wakamfuata. Tangu siku ile mama amekunja jamvi lake na chuo kimefungwa. Arusini haendi, maulidini haendi, na chakula hula peke yake chumbani, wajukuu wasimwone.

Kijana huyu amesikia kwamba ng'ambo wako madaktari wanaolikata taya kama hilo na kulirudisha nyuma. Mama anayo akiba yake aliyoidunduliza kwa ajili ya Hija, na kijana ataka akiba hiyo itumike kwa safari ya matibabu. Kaka yake mkubwa amekataa katakata. Asema kuligeuza umbo la mtu ni haramu, na uzee hauna dawa. Ndugu wawili hawa sasa hawasemi vizuri, nasi twaulizwa: ni nani kati yao mwenye haki?

Jawabu letu ni kwamba kila mmoja ana haki kidogo na kosa kidogo. Wote wawili wamekimbilia hukumu kabla hawajajua ugonjwa wenyewe ni nini, na mwenye kuhukumu jambo asilolijua hapati haki ila kwa bahati. Basi natuanze na ugonjwa.

Ndugu msomaji, mfupa wa taya unaoshika meno huishi kwa ajili ya meno. Maadam jino limo, mfupa hupata kazi ya kulibeba kila tunapotafuna, na kwa kazi hiyo hubaki imara. Jino likitoka, mfupa ule hukosa kazi na huanza kupungua. Ni kama tuta la viazi: viazi vikichimbwa, tuta halibaki na kimo chake, bali huporomoka likawa sawa na ardhi. Upungufu huu huwa wa haraka zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya meno kung'olewa, kisha huendelea polepole maisha yote. Mwaka 1972 mtaalamu Antje Tallgren alitangaza matokeo ya kuwatazama watu wasio na meno kwa muda wa miaka 25, na ikaonekana kwamba taya la chini hupungua kama mara 4 kuliko la juu.

Tena mataya mawili hayapungui upande mmoja. La juu hupungua kwa kupanda na kuingia ndani. La chini hupungua kwa kushuka, na upana wake hutanuka nje. Kwa hivyo la juu huwa dogo na la chini huonekana kubwa. Zaidi ya hayo, meno ndiyo yanayolizuia taya la chini lisipande kupita kiasi. Yakiondoka, kinywa hufunga kupita mpaka wake, na kidevu huzunguka kwenda juu na mbele, kama mlango uliokosa kizuizi. Hapo mtu ambaye taya lake lilikuwa sawasawa maisha yake yote huonekana kama aliyeumbwa na taya lililotokeza. Hii ndiyo aina ya kwanza, nayo ni kutokeza kwa kuonekana tu, si kwa mfupa.

Aina ya pili ni ya yule ambaye mfupa wa taya lake la chini ni mrefu tangu ujanani, au lake la juu ni fupi, na meno yake ya chini yalikuwa yakipita mbele ya yale ya juu tangu hapo. Huyu akikosa meno, hali yake huzidi. Vibaya zaidi, hata akitengenezewa meno ya bandia hayamkai, kwa sababu mataya hayakutani. Kila atafunapo, meno ya juu huinuka na kuanguka.

Basi jambo la kwanza tunalomwambia kijana wetu ni hili: tafuteni picha ya mama ya ujanani, au waulizeni ndugu na rafiki zake wa zamani, je, meno yake ya chini yalikuwa yakipita mbele ya ya juu? Picha hiyo mumpelekee daktari pamoja na mama mwenyewe. Kwa alivyoeleza kijana, kwamba taya lilianza kutokeza meno yalipokwisha, twadhani mama yumo katika aina ya kwanza. Hata hivyo mwenye kukata shauri ni daktari wa meno atakayemtazama kwa macho na kwa picha ya eksirei, wala si sisi.

Na ikiwa ni aina ya kwanza, dawa yake si kisu. Dawa yake ni meno ya bandia yaliyotengenezwa vizuri. Daktari hupima kimo cha uso, akayapanga meno ili kinywa kifunge pale kilipokuwa kikifunga zamani; na kimo kikirudi, kidevu hushuka na kurudi nyuma, na mashavu na midomo hupata cha kuegemea. Kazi hii huhitaji kwenda kwa daktari mara kadhaa, na asiyekuwa na subira asiianze. Mzee aliyekaa miaka bila meno atayaona mageni kinywani. Mate yatamjaa, fizi zitamuuma mahali fulani, na itambidi arudi ili yakwanguliwe kidogo. Aanze na vyakula laini, na asome kwa sauti kila siku mpaka ulimi uzoee.

Tumetaja kusoma kwa sauti kwa makusudi. Wanaojua tajwidi wanajua kwamba herufi za tha, dhal na dhaa hutoka kwa ncha ya ulimi kugusa ncha za meno ya mbele ya juu, na fa hutoka kwa mdomo wa chini na ncha za meno hayo hayo. Mwalimu aliyekosa meno hakusahau ilimu yake. Amekosa chombo tu. Laiti watoto wale wangalielezwa haya, wasingalicheka. Na hapa twawaambia vijana wote wasomao ukurasa huu: kumcheka mzee kwa pengo lake ni dhambi na ni utovu wa adabu, na kila mwenye meno leo hajui ya kesho.

Sasa tuseme juu ya aina ya pili, ambayo ndiyo inayotajiwa kisu. Kazi ya kukata taya si ngeni duniani. Mwaka 1849 daktari Simon Hullihen wa Marekani alilikata na kulipanga upya taya la chini la mwanamke aliyeharibiwa na moto. Mwaka 1897, katika mji wa St. Louis, Vilray Blair alilifupisha taya lililotokeza. Kisha mwaka 1957 Richard Trauner na Hugo Obwegeser walieleza njia ambayo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndiyo inayotumika sana mpaka leo. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, na daktari huingia kwa ndani ya kinywa, pasiwe na kovu usoni. Mfupa wa kila upande, karibu na pembe ya taya, hupasuliwa kwa urefu ukawa kama kurasa mbili zilizolaliana. Kisha sehemu ya mbele husogezwa nyuma kwa kiasi kilichopimwa, na kurasa zile hufungwa pamoja mpaka zishikane.

Kwa mtu mwenye meno, daktari huyatumia meno kujua taya likae wapi, na zamani aliyafunga ya juu na ya chini kwa waya kwa wiki kadhaa. Asiye na meno hana alama hiyo. Kwa hivyo hutengenezewa kwanza meno ya bandia, au vibao vyenye umbo la fizi zake, ili vimwonyeshe daktari mahali pa kulisimamisha taya. Na zamani vibao hivyo vilifungwa kwa waya kuzunguka mfupa wenyewe. Siku hizi mfupa hufungwa kwa vibati na skrubu za madini ya titani, na mara nyingi hapana haja ya kufunga kinywa muda mrefu. Mfupa ukishapona ndipo hutengenezwa meno ya kudumu.

Lakini hatari zake zisifichwe. Ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Ukiguswa, mdomo wa chini huweza kufa ganzi kwa miezi, na kwa baadhi ya watu isiondoke kabisa. Taya la mzee asiye na meno huwa jembamba, laweza kuvunjika pasipotarajiwa, na hupona polepole kwa kuwa damu iendayo ndani yake imepungua. Mwenye sukari, mwenye shinikizo la damu, mwenye moyo dhaifu, na mwenye kutumia dawa za kuimarisha mifupa, wote hawana budi kumweleza daktari kabla ya lolote. Hapana daktari mwaminifu atakayempasua mzee taya kabla ya kujaribu kwanza meno ya bandia. Na mtu akiwaambieni mpande ndege na akiba ya Hija mkononi kabla mama hajatazamwa, basi mjue huyo ameutazama mfuko wake kabla ya kinywa chake. Kumtazama mama kunaanza papo hapo Arusha, katika hospitali ya rufaa ya Mount Meru. Na ikihitajika zaidi, KCMC ya Moshi si mbali, na Muhimbili ya Dar es Salaam ndiko wanakosomeshwa madaktari wa kinywa na meno wa nchi hii.

Tuje katika sheria, ambako kaka mkubwa amesimama. Ni kweli kwamba imekatazwa kuligeuza umbo la Mwenyezi Mungu, na Mtume wetu s.a.w. amewalaani wanawake wanaochonga meno kwa kutafuta uzuri. Lakini maulamaa, akiwamo Imam Nawawi, wamebainisha kwamba kosa limo katika kufanya hivyo kwa ajili ya kutafuta uzuri. Ama afanyaye kwa matibabu au kwa kuondoa aibu ya jino, hapana ubaya. Na katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi imepokewa habari ya Sahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za Ujahili. Akajifanyia pua ya fedha, ikawa yanuka, na Mtume s.a.w. akamwamuru afanye ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini haja ya uponyaji iliihalalisha; na kwa habari hii maulamaa waliruhusu kuyafunga meno kwa dhahabu. Tabibu Mwislamu Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, ameeleza katika kitabu chake namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na kuchonga jino la badala kwa mfupa wa ng'ombe. Waislamu hawakuanza jana kutengeneza vinywa vya watu!

Na mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, liliamua kwamba upasuaji wa kurudisha kiungo katika hali yake au kuondoa kasoro yenye kumdhuru mtu wafaa, na ule wa kufuata matamanio na kuiga watu haufai. Basi mwenye taya lisilomwezesha kutafuna wala kusema hayumo katika walaaniwa, bali ni mgonjwa, na mgonjwa ameamrishwa ajitibu.

Kaka mkubwa pia amesema uzee hauna dawa. Neno hili lina asili, kwani imepokewa kwamba kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Lakini asichanganye mambo mawili. Uzee wenyewe hauzuiliki, ama madhara yaliyomo ndani ya uzee twatakiwa kuyapunguza. Na yeye mwenyewe bila shaka amekwisha kumnunulia mama fimbo, na miwani. Je, meno yana kosa gani?

Haya machache nayo yafaa kujulikana. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, kwa hivyo meno ya bandia hayaharibu tohara. Katika madhehebu ya Hanafi kusukutua ni faradhi katika josho, na katika ya Hanbali ni faradhi katika yote mawili. Basi wafuasi wao wayatoe meno yanayotoka. Na daktari akitaka kuongeza mfupa katika taya, aulizwe unga wa mfupa huo umetoka kwa mnyama gani, kwani upo wa ng'ombe na upo wa nguruwe.

Baada ya hayo yote, tumeisoma barua ya kijana mara mbili, tukakitafuta kitu kimoja ndani yake, hatukukiona. Kijana ametueleza atakalo yeye, na atakalo kaka yake. Atakalo mama hakulitaja hata kwa neno moja. Akiba ni yake, taya ni lake, na Hija ni faradhi iliyo shingoni mwake yeye akiwa na uwezo. Hapana mtoto, awe mkubwa au mdogo, mwenye ruhusa ya kuigawa mali ya mama kwa hoja zake, hata hoja hizo zikiwa nzuri namna gani. Nendeni mkakae chini yake, mmuulize kwa upole ni nini kinachomuumiza. Labda hataki uso wa ujana wala safari ya ng'ambo. Labda ataka watoto warudi barazani na herufi zitoke kama zilivyokuwa. Na ikiwa ni hivyo, gharama ya meno ya bandia ni ndogo sana mbele ya gharama ya kupasuliwa, na ninyi ndugu wawili mwaweza kuichanga pasipo kugusa senti moja ya Hija.

Neno letu la mwisho ni juu ya wajukuu. Milima ya moto huacha madini katika udongo wake, na Mlima Meru umeacha floridi nyingi. Maji yanayoteremka Maji ya Chai na Ngarenanyuki, na ya visima vingi vya pande za Oldonyosambu, yana floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka. Kidogo chake hulinda meno. Kingi huyaharibu yakiwa bado yanaumbika ndani ya fizi, yaani tangu uchanga mpaka miaka 8 hivi, yakatoka na madoa ya kahawia, na katika hali mbaya yakawa ya kumegeka. Floridi ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa na miguu hupinda. Jino likishaumbika vibaya halirudi, kwa hivyo kinga ni ya watoto wadogo wa leo.

Mama mwenye nyumba ajue kwamba kuchemsha hakuondoi floridi, bali maji yakipungua yenyewe huzidi ukali. Maji ya mvua yana floridi kidogo sana. Yakingwe kwenye bati safi, yawekwe kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza floridi, basi yaachwe katika chakula chao. Katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Maji ya Chai, watafiti wameonyesha namna ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Na Dokta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru alitunukiwa mwaka 2015 zawadi ya uhandisi ya Afrika kwa chujio lake la maji. Ilimu imetufikia mlangoni, na lililobaki ni kuipokea.

Basi, ndugu wawili wa Ngarenaro, peaneni mikono kwanza. Kisha mpelekeni mama kwa daktari, mmoja kuliani na mwingine kushotoni. Na siku atakapolitandaza tena jamvi lake, mtuandikie, nasi tutafurahi kuwaarifu wasomaji.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na heshima, na awape watoto wetu adabu mbele yao. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.